Chora Sentensi Kabla Hujapanda Mimbarini

Juzi kijana mmoja wa Mpeketoni kaniandikia: "Mwalimu, nifundishe ulivyokijua Kiingereza cha Biblia. Nilikusikia ukifundisha Waefeso." Ujumbe ule nimeurudia kuusoma, sifichi, maana wapo watu hapa hapa Malindi ambao kuniita mwalimu kunawashinda.

Na wewe unayesoma najua unatamani hayo hayo: usimame ufungue Neno, na msomi akikaa mbele usitetemeke. Basi kaa nikueleze.

Mimi ni muuza vinyago. Mji huu ukisema unajifunza lugha, watu hudhani ni Kiitaliano, na hicho ninacho, cha kutosha kumuuzia mgeni twiga wa mbao na kumuuliza habari za Milano. Kiingereza nilikiacha shuleni pamoja na sare. Kilichonirudisha ni semina moja ya watumishi. Niliinua mkono nikauliza kwa nini Paulo anaanza barua ya Waefeso kwa sifa ndefu namna ile kabla hajawapa wosia wowote. Mnenaji akanijibu, ukumbi mzima unasikia, kwamba ambao hawakupita chuo cha theolojia wawaachie wenyewe mambo ya maandiko, wao watoe ushuhuda. Watu wakacheka. Baadhi yao nilikuwa nawadai. Mpaka leo nikifika karibu na ukumbi ule navuka barabara.

Kusi ikavuma, wageni wakaenda zao, duka likawa halina mtu. Nikaazima kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na kwenye simu nikakutana na mtindo wa kuchora sentensi ulioenezwa na Wamarekani wawili, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, kwa kitabu chao cha mwaka 1877. Uliyesoma sekondari Kenya unakumbuka kuchanganua kwa matawi: S (sentensi), KN (kundi nomino), KT (kundi tenzi). Huu ni ndugu yake. Unapiga mstari mlalo. Kiima kushoto, kitenzi kulia, na baina yao mstari wa wima unaoupenya ule mlalo mpaka chini. Shamirisho, yaani kinachotendwa, hukaa baada ya kitenzi, likitengwa na kistari cha wima kisichopenya. Vivumishi na vielezi vinaning'inia chini kwa mistari ya mshazari, na vihusishi pamoja na maneno yake vivyo hivyo.

Miezi ya kukariri sarufi siwasimulii, ilichosha. Nilichora, nikafuta, nikachora.

Halafu nikaingia Waefeso 1:3 hadi 14. Kwa Kiyunani, lugha aliyoandikia Paulo, maneno yale yote ni sentensi moja. Hata King James, ile Biblia ya Kiingereza ya 1611, isiyoogopa sentensi ndefu, imeikata. Niligeuza kalenda kuukuu, nikaunganisha karatasi mpaka zikafunika meza ya vinyago, nikachora. Mstari mkuu ukatoka mfupi ajabu: Mungu na ahimidiwe. Yaliyobaki, kuchaguliwa, kufanywa wana, ukombozi kwa damu, kutiwa muhuri kwa Roho, yote yako chini yake yananing'inia. Na mara tatu, mistari ya 6, 12 na 14, inarudi ile sifa ya utukufu. Watu wanaobishana juu ya kuchaguliwa mpaka wanahama kanisa, hebu wachore kwanza. Paulo pale anaabudu. Jibu la swali langu lilikuwa limelala ndani ya sentensi yenyewe, wala halikuhitaji cheti.

Utaniuliza, mbona Kiingereza na Biblia ya Kiswahili tunayo? Tunayo, tena nzuri. Lakini vitabu vingi vya ufafanuzi na kamusi nyingi za Kiyunani zimeandikiwa wasomao Kiingereza. Bila sarufi yake unabaki kuokota vipande. Ila tahadhari: unachochora ni sentensi ya mfasiri. Mathayo 28:19 ukiichora kwa Kiingereza, "nendeni" na "wafanyeni wanafunzi" vyote vinakaa mstari mkuu kama amri mbili. Kwa Kiyunani kitenzi chenye umbo la amri ni kimoja, kufanya wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha vinakitegemea. Kwa hiyo linganisha tafsiri mbili, tatu, kisha angalia ufafanuzi. Kuchora hakuondoi kusoma. Na kusoma, ndugu yangu, hakuondoi kupiga magoti.

Tafuta kitenzi kikuu. Nitasema tena: tafuta kitenzi kikuu kwanza. Mahubiri mengi ya huku kwetu yanajengwa juu ya neno lililoning'inia, sauti inapanda, kinanda kinapiga, na mstari mkuu haujaguswa. Mungu hakutupa sentensi nzima ili tung'oe neno moja tukalitungie wiki ya maombi.

Anza na barua ya Paulo kwa Filemoni: sura moja, mistari 25. Chora wa 8 hadi 10. Utaona maneno ya Paulo kwamba angeweza kuamuru yako kwenye kishazi tegemezi, kipande kisichosimama peke yake, yamefungwa na lile "ingawa". Juu, kwenye mstari mkuu, limekaa "nakusihi". Mtume mwenye mamlaka yote yale, mzee, tena mfungwa, anamsihi Filemoni. Wenye vipaza sauti na vyeti ukutani wauchore huo, tena kwa kalamu nzito. Wakimaliza ndipo tuzungumze nani atoe ushuhuda na nani afundishe.