Pasi ya wati 1200 inayotoa 973: feki au umeme mdogo?

SWALI: Fundi, mimi ni mshonaji, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Pasi yangu imeandikwa 230 V, 1200 W, lakini jioni inachelewa sana kushika moto. Kijana mmoja alinipimia ikiwa inawaka: soketi ina volti 207, na pasi inavuta ampea 4.7. Nguvu na ukinzani nazipataje hapo? Na je, nimeuziwa feki?

JIBU: Dada, hesabu ni fupi. Ukinzani ni volti ugawe kwa ampea: 207 ÷ 4.7, unapata omu 44. Nguvu ni volti mara ampea: 207 × 4.7, unapata wati 973. Lakini usimfuate muuza duka bado.

Rudi kwenye maandishi ya pasi. Wati 1200 ugawe kwa volti 230 ni ampea 5.2; na 230 ÷ 5.2 ni omu 44. Zile zile! Koili ya ndani ni nzima na ni ya wati ulizolipia. Kilichopungua ni volti, na volti zikishuka huvuta ampea nazo chini, ndiyo maana volti zimepungua kwa asilimia 10 lakini wati zimepungua kwa karibu 19.

(Hesabu hii ni ya vitu vya koili: pasi, hita, jiko. Usiipeleke kwenye feni au friji, maana kwenye mota volti mara ampea huzidi wati halisi.)

Sasa volti zimepotelea wapi? Hapa ndipo penye kazi. Chomoa pasi, pima soketi. Ichomeke, subiri taa yake iwake, pima tena. Ukikuta 207 mara zote mbili, umeme unakufikia ukiwa mdogo. Hiyo ni taarifa ya kupeleka TANESCO, wala usibadilishe pasi.

Ukikuta, tuseme, 228 pasi ikiwa imechomolewa na 207 ikiwa inawaka, basi jambo ni zito zaidi. Kuna volti 21 zinaliwa njiani, na 21 × 4.7 ni karibu wati 99. Hiyo ni sawa na balbu ya wati 100 iliyofichwa kwenye nyaya zako. Zikiwa zimetawanyika kwenye ekstenshen ndefu na nyembamba, waya utapata joto tu. Zikiwa zimekusanyika kwenye jointi moja iliyolegea, plastiki itayeyuka. Nyumba za karibu na bahari, kule Raskazone kwa mfano, nikifungua soketi ya zamani sishangai kukuta shaba imeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi haina huruma.

Piga pasi dakika kumi, kisha gusa plastiki ya plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, zima meini swichi na uite fundi.

Na huyo kijana mwambie: mita ya klampu hubana waya mmoja tu. Akibana laivu na nyutro pamoja, itasoma sifuri. Akiwa na mita ya kawaida, asiiweke kwenye ampea akachomeka ncha zake kwenye soketi. Hapo atakuwa amepiga shoti kwa mkono wake mwenyewe.