Presha imepanda, kwa hiyo oili ni nzuri?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX, injini yake ni EJ20 yenye tabo, haijawahi kufunguliwa. Siku za kazi naenda nayo ofisini, Tegeta hadi Posta, na kila baada ya miezi miwili mitatu naikimbiza mita 400 kwenye mbio za halali. Nilikuwa natumia 5W-40. Fundi wangu akasema hayo ni maji, akamwaga, akaweka 20W-50 pamoja na chupa ya dawa ya kuongeza unene. Kweli presha ya oili kwenye geji imepanda na injini imetulia. Sasa anataka nipande hadi 10W-60 kabla ya mbio zijazo. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba. Usimsikilize. Mwaga huo mchanganyiko, badilisha na filta, rudi kwenye 5W-40 sintetiki. Namba ya mbele inahusu unene wa oili ikiwa baridi, ya nyuma ikiwa moto. Na ahsante kwa kutaja kwamba unakimbia kwenye mbio za halali, maana barua nyingi ninazopata ni za vijana wanaopimana usiku Barabara ya Bagamoyo, na hao sina oili ya kuwashauri.

Maneno yanayonichosha kuliko yote katika kazi hii ni hayo ya "presha imepanda". Wiki haipiti bila mtu kunionyesha picha ya geji kwenye simu, sindano imesimama juu, naye anatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Geji haijui ni oili kiasi gani imefika kwenye beringi. Inachokuonyesha ni ugumu ambao pampu inakutana nao inaposukuma. Magari yakifungana pale Mwenge, nani atasema ni dalili kwamba yanafika Posta kwa wingi? Oili ikiwa nzito kuliko nafasi inayotakiwa kupita, inarundikana nyuma, sindano inapanda, kisha vali ya pampu inafunguka na kuirudisha ilikotoka. Wewe unafurahia namba, beringi inashinda njaa.

Na nafasi yenyewe ni finyu. Kwenye EJ20 ambayo haijaguswa, kati ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi kuu zinazoushika kuna milimita 0.01 hadi 0.03. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo.

Najua jibu la fundi wako: na joto la mbio je? Kiwango cha SAE J300, ndicho kinachopanga hizi namba za unene, kinataka oili ipimwe pia ikiwa na nyuzi joto 150 huku ikisagwa kwa kasi, hali inayokaribia ile ya ndani ya beringi. Kwa 5W-40, kima cha chini cha unene ni milipaskali-sekunde 3.5. Kwa 20W-50 ni 3.7. Hiyo ndiyo nyongeza unayoahidiwa. Ikiwa na nyuzi 40 hali ni nyingine kabisa: 20W-50 nyingi za dukani ni nzito karibu mara mbili ya 5W-40. Yaani unabeba mzigo wote wakati injini haijapata moto, halafu moto ukija faida ni ya kutafuta kwa tochi.

Sasa fikiria siku yako ya mbio. Gari limekaa foleni nusu saa, boneti wazi, injini imezimwa. Zamu yako inafika, unawasha, sindano ya maji inasema tayari, unaondoka kwa mizunguko 5,000. Oili haijawa tayari. Huchelewa kupata moto kuliko maji. Sekunde kumi na tatu au kumi na nne baadaye umemaliza, na lita nne na ushee zilizomo kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, hazijapata hata muda wa kuchemka. Kwenye mita 400 oili baridi inanitisha kuliko oili ya moto. Liendeshe taratibu dakika ishirini kabla ya kwenda kupanga foleni.

Watu hunitajia magari ya Top Fuel ya Marekani, yale ya mbio za mstari mnyoofu, kwamba yanatumia oili nzito ya SAE 70. Ni kweli. Yale yanachoma nitromethani, mafuta hayo yanapenya kwenye ringi za pistoni na kuchanganyika na oili, na oili humwagwa baada ya kila mbio moja. Wewe utamwaga kila ukifika Posta? Wenzao wa daraja la Pro Stock, mchezo huohuo, hutafuta oili nyepesi sana ili injini isipoteze nguvu. 10W-60 ina mahali pake, kwenye injini iliyojengwa upya kwa nafasi pana za beringi, na anayekupa namba hapo ni yule aliyezipima kwa mikrometa.

Kinachoua EJ20 kwenye mbio mara nyingi ni oili kutokuwepo. Gari likiondoka kwa nguvu, oili yote inakimbilia nyuma ya sampo. Ikiwa imepungua nusu lita, mrija wa kunyonyea unavuta hewa, na kwenye injini hizi mrija huo unajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake. Chomoa kijiti cha kupimia oili baada ya kila mikimbio miwili. Kinuse pia: kikinuka petroli, mwaga oili hata kama kilomita hazijafika.

Nabaki na hiyo chupa ya dawa. Mwaka 1997 wauzaji wa Slick 50 walikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuacha kutangaza mambo ambayo hawakuwa na ushahidi nayo kuhusu dawa yao na injini. Huku kwetu kila duka la spea bado lina rafu nzima ya chupa za aina hiyo. Oili nzuri hutoka kiwandani na viungo vyake vimeshapimwa. Ukiongeza ute juu yake umeharibu hesabu ya waliopima.

Na huko "kutulia" ndiko kunakoniudhi zaidi, kwa sababu ndiyo mbinu ya madalali. Injini inayogonga ukiipa 20W-50 na chupa mbili za dawa inanyamaza siku mbili tatu, muda wa kutosha kuuza. Mteja mmoja aliniletea Forester aliyoinunua Jumamosi. Alhamisi ilikuwa inagonga konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Nilipofungua sampo, oili ilitoka kama asali, na chini yake kulikuwa na vichembe vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Kwa hiyo ukienda kununua gari, fika kabla injini haijawashwa, chomoa kijiti mwenyewe, na oili ikivutika kati ya vidole kama ute wa bamia, rudisha funguo.

Filta utakayoitoa usiitupe. Ikate, ikunjue karatasi yake juani tuone kama ina vichembe kama hivyo, unitumie picha. Ya geji sihitaji.