Lipu inabanduka, na juu tunataka vyumba

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ushirika wetu hapa Mbeya umepata jengo la ghorofa moja la enzi za dhahabu ya Lupa, yale machimbo ya Chunya ya miaka ya 1930: duka chini, makazi juu, tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo. Juu tunataka vyumba vya kupangisha kwa bei nafuu, chini kliniki ya mama na mtoto na chekechea. Lipu ya chini hubanduka kila mvua zikikolea, na tumeshairudia kwa saruji mara mbili. Fundi anasema tuongeze saruji na dawa ya kuzuia maji, kisha juu tugawe kwa tofali za inchi 6. Tumsikilize?

JIBU: Hapana, kwa yote mawili.

Kuta za zamani za namna hiyo kwa kawaida hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini kama mafuta kwenye utambi, yakitafuta pa kukaukia. Lipu ya chokaa huyaachia, saruji huyafungia. Basi yanapanda zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na ule udongo ulioshika tofali unalainika. Dawa ya kuzuia maji itaziba njia iliyobaki. Mtalipia kazi ileile mara ya tatu.

Anzeni nje. Mji ukikua, barabara na vibaraza huinuliwa, na mara nyingi udongo hujikuta juu ya sakafu ya jengo la zamani. Chimbeni uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, wekeni mtaro na gata. Kisha banduni saruji mpaka nusu mita kupita alama ya unyevu, muuache ukuta ukauke kiangazi kizima (najua mna haraka), ndipo mpige lipu ya chokaa: sehemu moja kwa tatu za mchanga safi. Msiipige kwenye baridi kali ya Juni na Julai. Rangi nayo iwe ya chokaa. Ya mafuta itawarudisha mlikotoka.

Kuhusu vyumba: ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3 una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya urefu. Sakafu ikiwa ya mbao, haikujengwa kubeba hayo. Gaweni kwa fremu za mbao na jipsamu, tabaka mbili kila upande, kwa ajili ya moto na kelele za jirani. Vyoo vya juu vikae juu ya vyoo vya kliniki, bomba moja lishuke. Ngazi ya pili ya dharura ni lazima, hata ikila chumba kimoja.

Kibaraza msikizibe, kina mama watakaa hapo kusubiri.

Halmashauri itataka kibali cha ujenzi na cha kubadili matumizi. Kabla ya kuchora ramani, fungueni ncha za boriti zinapoingia ukutani. Mchwa na uozo huanzia hapo. Mkikuta zimeliwa, nitumieni picha.