Kushuka Malagarasi kwa kayaki: maji huna wa kumuomba, ukingo unaye

Mkuu, umeuliza kama unaweza kushuka mto Malagarasi, mkoani Kigoma, kwa kayaki kutoka Uvinza hadi Ilagala na kulala popote giza litakapokukutia, maana "ardhi yote ni ya umma". Kipande hicho nimekipita, nikujibu nilivyokiona.

Ni kweli ardhi ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Ila sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Huko unakotaka kupita, sehemu kubwa ya ukingo ni ya vijiji, na msimamizi ni halmashauri ya kijiji. Humo kuna mashamba ya watu kwa haki ya kimila, na usitegemee uzio wala kibao. Ukiona michikichi imepogolewa au mihogo kwenye matuta, ujue pana mwenyewe. Na ile mita 60 ya Sheria ya Mazingira ya 2004 wengi wanaielewa kichwa chini: inazuia shughuli za kudumu na za kuharibu kando ya mto, haikupi wewe kiwanja cha kupigia hema.

Anzia halmashauri ya wilaya ya Uvinza, chukua barua ya utambulisho, toa nakala za kutosha. Kila kijiji utakacholala, tafuta mtendaji au mwenyekiti kabla ya kushusha mizigo. Kama kuna ada, lipa na udai stakabadhi. Anayekataa kuandika stakabadhi, usimpe hela.

Jioni moja tulitia nanga chini ya shamba, mzee akatokea na panga mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha kimya. Barua hakuisoma hata kidogo, akauliza tu nani katuruhusu. Tulipomtaja mwenyekiti wa kitongoji chake, akaweka panga chini, akatuonyesha njia ya ng'ombe. "Pandieni huku, msinikanyagie mahindi." Usiku akamtuma mjukuu atuletee kuni. Barua ni ya serikali, lakini jina la kiongozi wao ndilo lililotufungulia, na hili sijaona likiandikwa popote.

Maporomoko ya Igamba usiyajaribu, hata kama video zimekutia hamu. Utabeba kayaki nchi kavu, na eneo hilo lina mradi wa umeme wa megawati 49.5. Usijikatie njia ndani ya eneo la mradi. Uliza wenyeji, kodi vijana wa kubeba, patana bei kabla hawajanyanyua.

Viboko ndio watakaovuruga ratiba. Mchana hupenda kukaa kwenye vina, kwa hiyo utapita maji mafupi kando kando, huku ukigonga kasia kwenye kayaki wakusikie. Matokeo yake utakuwa umebanana na ukingo wa watu siku nzima. Kiboko akikufukuza, panda popote, hakuna atakayekulaumu; ukishatulia, mtafute mwenye shamba umweleze. Mamba nao wapo, kwa hiyo usioge mtoni hata kama wavuvi wanaoga. Na nyavu zao zizunguke, usipite juu yake.

Juu ya Uvinza ni habari nyingine. Kule ni ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingia Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000, na ndani yake kuna mapori ya akiba ambako barua ya kijiji haina kazi. Ugalla vilevile: tangu 2019 pori lile limekuwa hifadhi ya taifa, kibali ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hata kama nia yako ni kupita majini tu.

Nenda kati ya Julai na Septemba. Masika maji yanapanda hadi kwenye mashamba, na hapo hata mtendaji mwenyewe atapata shida kukuonyesha ukingo uko wapi.