Saba saba ilikuwa inalenga nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mkazi wa Bukoba, na mama yangu kwao ni Kyotera, upande wa Uganda. Pande zote mbili nimekua nikisikia habari za vita vya 1978 na 1979. Huku kwetu wazee wanasema saba saba ndiyo iliyomfurusha Idi Amin kutoka Entebbe. Kule ujombani wanaitaja saba saba kwa hofu hadi leo. Lakini nimesoma kwamba Walibya waliokuja kumsaidia Amin nao walikuwa na roketi za aina hiyohiyo, pamoja na vifaru. Ilikuwaje silaha moja imfae huyu na isimfae yule? Je, saba saba ilikuwa inalenga kweli, au ilikuwa kelele tu? La mwisho: mjomba wangu ana bomba la chuma lenye kutu limesimama shambani, nyuma lina vipande kama mabawa yaliyopinda. Huwa anafungia mbuzi. Ni kitu gani kile?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, mpigie mjomba simu leo hii amfungue huyo mbuzi, na yeye mwenyewe asilisogelee tena hilo bomba. Sababu nitakueleza mwishoni.

Saba saba ni jina ambalo watu wa Uganda waliupa mtambo wa Kirusi uitwao BM-21. Ni lori la kijeshi lenye mirija 40 mgongoni. Kila mrija unabeba roketi moja ya milimita 122, yenye urefu unaokaribia mita 3 na uzito wa kilo 66 hivi, na kichwa chake cha mlipuko ni kama kilo 18. Mirija yote 40 inaweza kumaliza kazi ndani ya sekunde 20, kwa masafa ya hadi kilomita 20. Piga hesabu: lori moja linamwaga zaidi ya kilo 700 za vichwa vya mlipuko kabla askari aliyekuwa anakunywa chai hajapata nafasi ya kuingia handakini. Mzinga wa kawaida ungehitaji dakika nyingi kufanya hivyo, na baada ya kombora la kwanza kila mtu angekuwa ameshalala chini.

Umeuliza kama inalenga. Inalenga eneo. Hailengi nyumba, hailengi kifaru, hailengi mtu. Roketi ikitoka mrijani inaendelea kuwaka ikiwa hewani, na upepo mdogo tu unaigeuza. Kwa hiyo roketi 40 zilizoelekezwa mahali pamoja hutawanyika kwenye eneo la mamia ya mita. Mpiga mizinga anayejua kazi yake haitumii kuvunja daraja. Anaitumia pale adui alipokusanyika: maegesho ya magari, mahandaki yaliyosongamana, kikosi kinachojipanga kushambulia. Na akishafyatua haketi hapo. Moshi na vumbi la mfyatuko vinaonekana mbali sana, na kujaza roketi nyingine 40 kwa mikono ni kazi ya dakika kama 10. Unapiga, unaondoka, unajazia mahali pengine.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, la silaha moja kwa mikono miwili. Nimefundisha upigaji mizinga kwa miaka mingi, na sijaona somo linaloeleza jambo hili vizuri kuliko mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979.

Nikukumbushe tulifikaje huko. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Ndege zake zilijaribu kuvunja daraja la Kyaka kwa mabomu zikashindwa. Daraja lilivunjwa tarehe 3 Novemba na watu wake waliolitegea baruti wakiwa chini, kwa mikono yao. Liweke hilo akilini, maana tutakutana nalo tena. Jeshi letu la Tanzania lilijengwa haraka kwa kuingiza mgambo kwa makumi ya maelfu, malori ya raia yakachukuliwa, brigedi zikasafirishwa kutoka pembe za mbali za nchi. Likavuka mto na kurudisha ardhi. Januari 1979 likachukua Mutukula, mpakani upande wa Uganda, kwa sababu mizinga ya adui iliyokaa kwenye mwinuko wa pale ilikuwa ikiendelea kupiga upande wetu. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata.

Kutoka Masaka kwenda Kampala, barabara inapita Lukaya na kuingia kwenye kinamasi. Kwa kilomita nyingi kuna tuta moja tu la barabara, maji na mafunjo kulia na kushoto. Kifaru kikitoka barabarani hapo kinazama. Adui akilivunja tuta, safari ya Kampala imeisha. Meja Jenerali David Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, alilijua hilo. Akaiweka Brigedi ya 201 ishike barabara Lukaya. Brigedi ya 208 akaiagiza izunguke mbali, itokee kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui.

Jioni ya tarehe 10 Machi safu ya Walibya na Waganda ilikuja kwa barabara hiyohiyo. Walikuwa na vifaru 15 aina ya T-55, magari ya deraya zaidi ya kumi, na saba saba. Wakafyatua roketi dazeni moja hivi. Zote zikapita juu ya Brigedi ya 201 na kuangukia mbali nyuma yake.

Hapa ndipo utaalamu wenyewe ulipo, basi tusiharakishe. Darasani nilikuwa nawapeleka vijana nje na mpira wa kumwagilia bustani. Inua mdomo wa mpira kutoka nyuzi 40 hadi 45: maji hayasogei kitu. Sasa uteremshe hadi nyuzi 10, kisha uinue hadi 15. Maji yanaruka karibu nusu tena ya umbali wa mwanzo! Ndivyo roketi inavyofanya kwa shabaha ya karibu. Mtambo umeinamishwa chini, na kosa la unywele kwenye pembe linakuwa kosa la mamia ya mita ardhini. Warusi walilijua hilo, wakatengeneza pete ya chuma ya kufungwa kwenye pua ya roketi ili iivute nyuma, mpigaji apate kuinua mtambo zaidi na bado aanguke karibu. Anayepiga karibu bila kufanya mahesabu hayo, na bila mtu wa mbele wa kumwambia roketi zimeangukia wapi, hupiga juu. Kule Lukaya, kwa eneo geni, jua likizama, kinamasi kila upande, nani angemwambia?

Na bado, sikiliza: Brigedi ya 201 ilitawanyika. Wengi wao walikuwa mgambo ambao hawajawahi kuonja vita. Roketi hazikuwagusa, lakini ule mlio uliwapita juu ya vichwa vyao na vifaru vilikuwa vinakuja mbele yao. Simlaumu hata mmoja. Niliposema saba saba inapiga eneo, moyo wa mtu nao umo ndani ya eneo hilo. Mjomba wako wa Kyotera anakwambia kweli anapokusimulia ile hofu.

Kwa hiyo jioni ile silaha iliwafaa Walibya. Barabara ilikuwa wazi. Kilichowaponza ni kwamba hawakuendelea. Usiku uliingia wakabaki pale Lukaya, barabarani, ndani ya magari yao. Usiku huohuo Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi, ilikuwa inatembea. Kulipopambazuka tarehe 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala. Maofisa wa 201 nao walikuwa wamekusanya watu wao usiku kucha, wakashambulia kwa mbele. Adui akajikuta kwenye tuta jembamba, hana kulia wala kushoto, anapigwa mbele na nyuma. Baada ya mapigano jeshi letu lilihesabu maiti zaidi ya 400, karibu 200 kati yao Walibya.

Jibu langu ndilo hilo, mwanangu. Roketi inafungua dirisha la dakika chache ambamo adui ameinamisha kichwa. Nani anaingia dirishani humo? Jeshi la Amin lilikuwa jeshi la magari. Vita vyake vilikwenda barabarani na kurudi barabarani. Letu lilikuwa linatembea kwa miguu, kupitia migombani na vilimani, na lilikuwa na desturi ya kutuma kikosi kuzunguka ubavuni huku mizinga ikimshughulisha adui kwa mbele. Mizinga ilipokoma, askari wa miguu alikuwa tayari yupo pale. Ukininyang'anya saba saba ukaniachia waangalizi wenye redio na ramani, pamoja na askari wa miguu wanaoamini kwamba mizinga haitawapiga wao, nitakwenda vitani. Ukinipa saba saba peke yake, sitakwenda.

Kuhusu vifaru, usibabaishwe na majina. T-55 na kile cha Kichina cha Type 59 tulichokuwa nacho ni ndugu wa ukoo mmoja, vyote na mzinga wa milimita 100. Tofauti haikuwa kwenye chuma.

Angani ilikuwa hivyohivyo. Amin alianza vita na ndege za MiG-21, lakini makombora ya begani yalizitungua hadi ukafika wakati mizinga yetu ikafanya kazi bila kutazama juu. Libya nayo ilileta ndege kubwa ya mabomu, Tu-22, ikaituma Mwanza kulipua matangi ya mafuta. Mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ndege ya mwendo wa kupita sauti, imetoka mbali kiasi kile, ikakosa matangi yaliyosimama tu. Linganisha na watu wachache na baruti yao pale Kyaka.

Sasa niwasahihishe wazee wa Bukoba, kwa heshima zote. Iliyomtoa Amin Entebbe haikuwa saba saba. Baada ya kuichukua Mpigi, jeshi letu liliweka pale mizinga mitatu ya milimita 130 na kuipiga Entebbe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Amin alikuwa Ikulu ya Entebbe. Akaondoka kwa helikopta kwenda Kampala. Chukua ramani upime: toka Mpigi hadi Entebbe kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 20. Roketi ya saba saba isingefika. Mzinga wa 130 unafika kilomita 27. Tena kombora lake ni la kulenga: mwangalizi anaona la kwanza limeanguka wapi, anasema kwenye redio "ongeza mia mbili", la pili linasogea, la tatu linakaa. Entebbe ikachukuliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11, na tarehe 3 Juni wanajeshi wetu wakafika mpaka wa Sudan.

Kuna jambo moja hujaniuliza, lakini una ndugu upande ule, kwa hiyo nalisema. Masaka ilipoanguka, majengo mengi yaliharibiwa wakati adui ameshakimbia. Ilikuwa hasira ya yale waliyotendewa watu wa Kagera, na kule Kagera raia wengi waliuawa kinyama. Naijua hasira hiyo. Lakini mji usio na adui ndani yake si shabaha, na sikuwahi kumfundisha mwanafunzi yeyote vinginevyo.

Sasa bomba la mjomba. Roketi ya saba saba ina mabawa manne nyuma. Yamepinda kufuata mviringo wa mwili ili yakunjike ndani ya mrija, na hufunguka roketi inapotoka. Kipenyo chake ni kama sentimita 12, karibu upana wa kiganja na vidole vyake vimeachanishwa kidogo. Maelezo uliyonipa yanafanana nayo sana. Linalonitia wasiwasi ni kwamba umesema limesimama, na ni imara kiasi cha kufungia mbuzi. Mabawa yako juu. Maana yake pua iko chini, na kichwa cha mlipuko hukaa puani. Huenda kililipuka siku ileile na kilichobaki ni ganda la injini. Huenda hakikulipuka, na miaka yote hii kimekaa chini ya miguu ya mbuzi.

Asichimbe kutazama. Asilitikise, asiwashe moto karibu, na asimwite mtu wa vyuma chakavu. Achomeke mti wenye kitambaa chekundu hatua nyingi kabla ya kulifikia, azuie watoto, kisha aende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji kule Uganda, na kituo cha polisi, waite wataalamu wa mabomu wa jeshi. Wakimuuliza limekaa tangu lini, aseme tu ukweli. Hakuna atakayemshitaki kwa kufungia mbuzi. Ukipata jibu lao niandikie, nitafurahi kusikia wamelitoa salama.