Jibu: Ujuzi wa uokoaji mashimoni usipotee na wazee

Ndugu, umeuliza mfanyeje ili ujuzi wa uokoaji wa wazee wa mashimo ya dhahabu Ikolomani, Kakamega, Kenya, usipotee wakiacha kazi. Msianze na daftari, anzeni na zoezi: kila mwezi teremsheni gunia la mchanga la kilo 70 badala ya majeruhi, vijana walifunge na kulivuta, mzee akiwasahihisha papo hapo.

Somo la kwanza liwe hewa, maana ndiyo huua waokoaji. Kwenye migodi ya makaa ya mawe Uingereza, mwaka 1896 mwanasayansi John Scott Haldane alionyesha kuwa wengi waliokufa baada ya milipuko waliuawa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Haina harufu, na mshumaa huendelea kuwaka ndani yake, kwa hiyo kipimo cha kuteremsha mshumaa kuona kama hewa ni salama kisifundishwe tena, tafadhali. Pampu inayotumia petroli ikiwashwa chini ya shimo huzalisha gesi hiyo kwa wingi. Teremsheni kipima gesi kwa kamba: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hashuki mtu, hata aliyeanguka akiwa ndugu yake. Pulizeni hewa kwa feni na bomba hadi chini, kisha mpime tena.

Wazee warekodini kwa simu pale mdomoni pa shimo, kwa Kiluhya wakipenda: shimo lipi limeungana na lipi, maji huingilia wapi.