Watoto wa wenzangu mezani kwangu: nianzie wapi?

SWALI: Mama, shikamoo. Wanangu wawili nawasomesha mwenyewe nyumbani, huu ni mwaka wa tatu. Sasa wazazi watatu wameniomba niwasaidie watoto wao hesabu na kusoma, mara mbili kwa wiki. Sina cheti cha ualimu. Natamani kukubali, na kipato hicho nakihitaji, lakini naogopa. Itakuwaje nikipokea ada ya mtu kisha mwanawe asielewe? Na wanangu je, hawatapunjika? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa kwenye meza kama hiyo yako miaka kadhaa, wanangu upande huu, watoto wa watu upande ule. Lipo jambo moja nitakalolieleza kwa urefu, kwa kuwa ndilo lililochelewa kuniingia: siku ya kwanza usifundishe. Sikiliza.

Mwanao unamjua tangu anatambaa. Akikwama unamwona mabegani kabla hajafungua mdomo. Mtoto wa mwenzio anakuja akiwa ameshazoea kujificha. Anaitikia kwa kichwa, anasema ameelewa, ananakili. Ukianza kumfundisha papo hapo, utafundisha kile anachokuonyesha, na tatizo lake utaliacha pale pale lilipo.

Nilimpokea mvulana wa miaka 9 ambaye mama yake aliniambia hesabu haziingii kabisa. Nikampa 302 toa 157. Akaandika 255. Nilikuwa nimeshaishika kalamu nyekundu. Nikaiweka chini, nikamwomba anieleze alivyofanya. Akasema, "Mbili toa saba haiwezekani, nikafanya saba toa mbili, tano. Sifuri toa tano haiwezekani, nikafanya tano toa sifuri, tano. Tatu toa moja, mbili."

Hakubahatisha hata tarakimu moja. Alikuwa na kanuni yake, na aliifuata kwa uaminifu kuanzia mamoja hadi mamia. Kanuni yenyewe ndiyo haikuwa sahihi. Kosa hili walimu wa hesabu wanalijua sana, na halitibiki kwa kumrundikia mtoto maswali 30 mengine ya namna ile ile. Kila swali lingezidi kumkomaza kwenye kosa.

Tukachukua vijiti. Tukafunga kumi kumi kwa uzi, kisha mafungu kumi tukayafunga pamoja kuwa mia. Akapanga mezani mia tatu, pa makumi pakawa patupu, na vijiti viwili pembeni. Nikamwambia, nipe vijiti saba. Akanitazama. Akatazama pale patupu. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fungu la mia, akafungua uzi, yakamwagika makumi kumi. Akachukua kumi moja akalifungua nalo. Sasa alikuwa na mia mbili, makumi tisa na vijiti kumi na viwili, na saba zangu akanihesabia bila shida. Tulipofika 145 aliomba turudie. Vipindi vitatu vizima hatukugusa daftari.

Kwenye kusoma ni vivyo hivyo. Mpe ukurasa asome kwa sauti, nawe usimrukie kumsahihisha. Akisema "kitanda" palipoandikwa "kitambaa", hasomi, anakisia kwa mwanzo wa neno. Huyo mrudishe kwenye silabi, hata kama yuko darasa la nne, ila umrudishe kwa heshima, asijione mtoto mdogo.

Kuhusu cheti, waambie wazazi ukweli kwamba huna. Faida uliyonayo ni ya kukaa na mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1984 mtafiti wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake, na hasogezwi mbele mpaka ameelewa, aliwapita takriban asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida ipo. Ndiyo sababu nakusihi usiwachanganye wote watatu kwa wakati mmoja.

Usiahidi alama. Ahidi kwamba baada ya vipindi vitatu utamweleza mzazi, kwa mfano halisi kutoka kwenye daftari, mwanawe anakwama wapi. Hiyo ahadi unaiweza, na mzazi akishaona kosa lenyewe kwa macho yake, anakuwa na subira. Ada, siku, na mtoto asipokuja inakuwaje, andikeni kabla ya kuanza. Mlango uwe wazi, na mzazi anayetaka kukaa aketi. Kazi za shule usimfanyie mtoto, hata mzazi akikubembeleza.

Uliza pia sheria ya nchi yako. Ruhusa ya kumsomesha mwanao si ruhusa ya kufungua shule. Uingereza, kwa mfano, mahali panapotoa elimu ya siku nzima kwa watoto watano au zaidi wenye umri wa shule panahesabiwa kuwa shule na lazima paandikishwe. Vipindi viwili kwa wiki ni jambo jingine, lakini uwe na hakika.

Sasa wanao. Mwaka wa kwanza nilipokea watoto sita, na mchana wote ukawa wao. Jioni moja binti yangu wa miaka 8 alikuja na daftari kifuani akaniuliza, "Mama, mimi ni mwanafunzi wako saa ngapi?" Nililia usiku ule. Wiki iliyofuata nilibaki na wawili, na saa za asubuhi zikarudi kuwa za wanangu, hakuna mgeni anayebisha hodi. Wawili wale nao walisonga mbele haraka zaidi.

Kwa hiyo wapigie wale wazazi watatu. Chukua mmoja kwa sasa, wengine waambie wasubiri mwezi. Kipindi cha kwanza mpe hesabu moja na ukurasa mmoja, umwombe akueleze. Kisha niandikie alichokuambia, neno kwa neno, tuone kwa pamoja pa kuanzia.